Kuweka Klipu za Sauti Kwenye Taimkodi Kamili: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ya wanaoanza kuweka sauti juu ya picha za filamu ni yale yale. Mtu ameweka mlio wa mlango pale anapouona, ametuma faili kwa mhariri, na jibu limerudi: "Sauti imetangulia." Anausukuma kidogo, anatuma tena: "Sasa imechelewa." Mara nyingi shida si sikio lake. Ameweka klipu kwa kukisia na kipanya, tena kwenye sesheni (faili ya mradi wa sauti) ambayo mipangilio yake haikulingana na picha tangu mwanzo. Hapa utajifunza kuiweka klipu kwa namba, ili ikae pale pale hata ikifunguliwa kwenye mashine ya mtu mwingine upande wa pili wa Nairobi.

Nadharia kidogo tu. Taimkodi ni namba nne: 10:03:17:09 ni saa, dakika, sekunde na fremu, yaani picha moja tuli kati ya zile zinazounda mwendo. Kenya, kama nchi nyingi zilizokuwa kwenye mfumo wa televisheni wa PAL, hufanya televisheni kwa fremu 25 kila sekunde. Kwa hiyo namba ya mwisho hutoka 00 hadi 24, kisha hurudi sifuri na sekunde ikapanda. Fremu moja ni milisekunde 40. Sauti ikiwa ya sampuli (vipimo vidogo vya wimbi) 48,000 kwa sekunde, yaani 48 kHz, fremu moja inabeba sampuli 1,920 kamili, bila baki. Hesabu hii ndiyo inayofanya kazi ya 25 na 48 iwe tulivu kuliko nyingine zote.

Kabla ya kuanza

Hakikisha unavyo hivi. Kimoja kikikosekana, usianze, kitafute kwanza.

- Picha iliyofungwa, yaani mhariri amesema hatakata tena, ikiwa na taimkodi iliyochomwa juu ya picha yenyewe. Omba faili ya video ya aina ya ProRes Proxy au DNxHR LB, si H.264. Kwenye H.264 fremu nyingi hutegemea fremu za jirani, kwa hiyo ukirudi nyuma fremu moja moja picha hukwama au huruka, nawe utadhani umefika kumbe bado. ProRes Proxy ya 1920×1080 kwa fremu 25 hula karibu megabiti 38 kwa sekunde; filamu ya dakika 12 ni kama GB 3.4. Flashi disiki inatosha.
- Sauti zote katika WAV, 48 kHz, biti 24. Treki moja ya mono kwa saa nzima ni kama MB 518.
- Programu ya sauti. Mifano hapa ni ya Pro Tools, Reaper na DaVinci Resolve, kwa sababu ndizo utakazokutana nazo mara nyingi.
- Hedifoni za waya. Za Bluetooth huchelewesha sauti kwa milisekunde mia moja na zaidi, na kiasi hicho hubadilika kutoka hedifoni hadi hedifoni. Kwa kazi hii hazifai kabisa.
- MediaInfo, programu ya bure ya kukagua faili.
- Mahali pa kuhifadhi nakala nje ya laptopu. Stima ikipotea katikati ya kuhifadhi, faili ya sesheni inaweza kuharibika.

Usikubali picha iliyotumwa WhatsApp kama video. Ikitumwa hivyo hubanwa upya, na ulichopokea si picha aliyonayo mhariri. Ikibidi njia hiyo itumike, itumwe kama dokumenti.

Hatua kwa hatua

1. Muulize mhariri maswali manne, upate majibu kwa maandishi.

Kasi ya fremu ni ngapi hasa? Fremu ya kwanza ya filamu yenyewe iko taimkodi gani? Je, kuna kitu mbele yake, kama kadi ya jina au ukanda wa kuhesabu? Na kama ni 29.97, taimkodi ni ya dropu (inayoruka baadhi ya namba ili ilingane na saa halisi) au si ya dropu?

Usiridhike na "ni 24 hivi". 24 na 23.976 ni vitu viwili. Tofauti ni sehemu moja kwa elfu, inayoonekana ndogo mpaka uihesabu: milisekunde 60 kila dakika, fremu moja na nusu. Filamu ya dakika kumi itamalizika sauti ikiwa zaidi ya nusu sekunde mbali na midomo. Filamu fupi zinazolenga matamasha ya ng'ambo mara nyingi hupigwa kwa 24 au 23.976, na kazi za televisheni ya hapa kwa 25, kwa hiyo usidhanie.

Kuhusu mwanzo: kazi za televisheni zilizofuata desturi ya Ulaya huanza 10:00:00:00, za desturi ya Marekani, na nyingi za sinema, huanza 01:00:00:00. Resolve huanza yenyewe kwenye 01:00:00:00 usipoibadilisha. Yoyote kati ya hizo ni sawa, mradi wote mkubaliane moja.

2. Kagua faili ya picha kabla ya kuiamini.

Ifungue kwenye MediaInfo, utafute mstari wa "Frame rate mode". Ukiona "Constant" na kasi ni 25.000, endelea. Ukiona "Variable", simama hapo. Simu nyingi na programu za kurekodi skrini hupiga kwa kasi inayopanda na kushuka, na hakuna taimkodi inayoweza kukaa juu ya picha ya namna hiyo. Utapanga mlio wa kwanza vizuri, wa ishirini utakuwa umehama.

Dawa ni kuigeuza iwe ya kasi moja, mfano kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i picha.mp4 -vf fps=25 -c:v prores_ks -profile:v 0 -c:a pcm_s16le -ar 48000 picha_25.mov

Lakini usigeuze peke yako ukanyamaza. Mhariri lazima akatie kwenye faili hiyo hiyo iliyogeuzwa, la sivyo mtakuwa na picha mbili zinazofanana kwa jina tu. Kwa haki kabisa, hii ni kazi ya kufanywa kabla ya uhariri kuanza.

3. Fungua sesheni mpya na upange namba zake kabla ya kuingiza chochote.

Kwenye Pro Tools, fungua "Session Setup": weka kiwango cha taimkodi 25, na "Session Start" iwe mapema kidogo kuliko filamu, mfano 09:59:00:00, upate nafasi ya kuweka biip, mlio mfupi wa kupimia ulinganifu (hatua ya 5).

Kwenye Reaper, bonyeza Alt+Enter. Weka kasi ya fremu 25, kiwango cha sampuli 48000, na "Project start time" kama ulivyokubaliana. Hapo hapo badilisha "Timebase" kutoka midundo iwe "Time". Wengi huiruka hii. Ikibaki kwenye midundo, siku mtu atakapogusa tempo ili apange muziki, milio yote itasogea, na hakuna atakayejua kwa nini. Kisha geuza rula, ule mstari wa namba juu ya treki, ionyeshe saa, dakika, sekunde na fremu.

Kwenye Resolve, kasi ya fremu ya mradi huwekwa kabla ya kuingiza video. Ukishaingiza, mlango unafungwa. Utalazimika kuanza mradi mpya, au taimlaini mpya yenye mipangilio yake yenyewe. Taimkodi ya mwanzo ya taimlaini hubadilishwa kwa kubonyeza upande wa kulia wa kipanya juu ya taimlaini na kuchagua "Starting Timecode".

4. Weka picha, ilinganishe, kisha ifunge.

Kosa linaloongoza hapa ni kuweka mwanzo wa faili kwenye 10:00:00:00 wakati faili ina sekunde kumi za kuhesabu mbele yake. Fremu ya kwanza ya faili hiyo ni 09:59:50:00, na hapo ndipo inapokaa.

Sasa linganisha namba iliyochomwa kwenye picha na namba ya rula, sehemu tatu: fremu ya kwanza ya filamu, mahali fulani katikati, na fremu ya mwisho. Zote tatu lazima zilingane mpaka fremu. Ikilingana ya kwanza na isilingane ya mwisho, kasi ya fremu ya sesheni si ya picha; rudi hatua ya 1. Zikikosana zote kwa kiasi kimoja, umeweka picha mahali pasipo pake. Zikilingana, funga treki ya picha isisogezwe tena.

Ukaguzi huu unachukua dakika mbili. Usiuruke hata siku ambayo prodyusa amesimama nyuma ya kiti chako.

5. Weka biip ya sekunde mbili.

Tengeneza mlio wa hezi 1,000, urefu wa fremu moja kamili, kiasi cha dB −20. Kwa fremu 25 ni sampuli 1,920. Uweke sekunde mbili kabla ya fremu ya kwanza ya filamu: kama filamu inaanza 10:00:00:00, biip iko 09:59:58:00. Weka nyingine sekunde mbili baada ya fremu ya mwisho. Mhariri atakapopokea sauti yako, ataona kwa jicho kama biip ya mbele imekaa. Na ya nyuma itamwambia kama kuna kuteleza njiani. Ya nyuma ndiyo watu huisahau, na ndiyo pekee inayofichua tatizo la kasi.

6. Andika orodha ya mahali pa kuweka sauti.

Tazama picha bila kuweka chochote, fremu moja moja kwenye kila tukio, uandike. Chukua mfano wa matatu inayosimama mtaa wa Tom Mboya, Nairobi:

10:03:15:02 — breki, gurudumu linasimama
10:03:16:12 — mlango wa kuteleza unaanza kufunguka
10:03:17:09 — kiganja cha konda kwenye bodi, pigo la kwanza
10:03:17:16 — pigo la pili

Fremu ipi hasa? Ile ya kwanza ambapo vitu viwili vimegusana. Kiganja kikiwa bado hewani, hata kwa upana wa kidole, hiyo si fremu yenyewe. Kwa unyayo, ni pale kisigino kinapogusa. Kwa mlango unaofungwa, ni fremu ambayo mwendo umekoma. Kwa klepa, ule ubao unaogongwa mbele ya kamera, ni ya kwanza ambayo vijiti vimefungwa kabisa. Picha ikiwa na ukungu wa mwendo na ukabaki unasita kati ya fremu mbili, chukua ya nyuma yake, ile inayofuata. Macho ya mtu yamezoea kuona tukio kabla ya kulisikia, maana mwanga hufika kwanza. Sauti inayotangulia humkera mtazamaji haraka kuliko inayochelewa. Hata pendekezo la R37 la EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, lina kipimo kisicho sawa pande mbili: sauti isitangulie zaidi ya milisekunde 40, isichelewe zaidi ya 60. Upande wa kutangulia una fremu moja tu ya nafasi.

Ukiandika kwenye spredishiti, geuza safu iwe ya maandishi matupu kwanza. Vinginevyo programu itadhani ni saa ya ukutani na kuchezea sifuri zako.

Na hapa pana mtego wetu sisi wasemaji wa Kiswahili. Taimkodi 10 tunaisoma "kumi", lakini saa kumi yetu ni 16:00. Rekoda nyingi za nje hutumia taimkodi ya saa halisi ya siku. Klipu iliyorekodiwa saa nne na robo asubuhi itabeba 10:15, na ile ya saa kumi jioni itabeba 16:00. Karani wa seti akiandika "saa nne" kwenye ripoti, nawe ukatafuta 04, hutaipata. Kwenye simu, someni tarakimu moja moja: "moja sifuri, sifuri tatu, moja saba, sifuri tisa." Neno "saa" liache kabisa.

7. Tafuta pigo ndani ya klipu.

Huku ndiko kazi ya wanaoanza inakoharibikia. Wanachukua klipu ya pigo, wanaweka mwanzo wake kwenye 10:03:17:09, na pigo linasikika limechelewa. Sababu ni kwamba klipu haianzi na pigo. Inaanza na pumzi ya chumba, mkono wa koti ukisugua, halafu ndipo pigo.

Vuta karibu mpaka mawimbi yaonekane mstari mmoja mmoja. Tafuta mahali wimbi linapopanda ghafla. Si kilele chake, ni pale linapoondoka kwenye utulivu. Weka alama ya ulinganifu hapo. Kwenye Pro Tools ni "Identify Sync Point", Ctrl na koma kwa Windows, Command na koma kwa Mac. Kwenye Reaper, weka kielekezi hapo na uite kitendo cha "Set snap offset to cursor". Kwenye Resolve, hesabu ni fremu ngapi kutoka mwanzo wa klipu hadi pigo, uandike kando.

Usikate ile pumzi ya mbele kwa wembe ili pigo liwe mwanzo wa klipu. Inawezekana, lakini pigo lililokatwa hivyo mara nyingi huanza na mkwaruzo, na ule msuguo mdogo kabla yake ndio unaolifanya lisikike kama mkono wa mtu.

Kwa sauti ya mdomo, hasa kubandika Kiswahili juu ya filamu ya lugha nyingine, usilinganishe mwanzo wa sentensi. Linganisha herufi za midomo: p, b, m, na mb. Katika "Mbona hukuja?" midomo imefungwa wakati wa m na inaachana kwenye b, mwachano huo ndio alama yako. Mtazamaji hatagundua u au k iliyohama fremu mbili. Atagundua b inayosikika mdomo ukiwa wazi. Sauti ya msimulizi haihitaji ukali huo, ila isianze kwenye fremu ile ile picha inapokatwa. Ipe fremu sita hadi kumi, isikilizwe kwa raha.

8. Iweke kwa kuandika namba.

Pro Tools: ingia hali ya Spot kwa F3, shika zana ya mkono, bonyeza klipu. Kisanduku kitafunguka. Andika 10:03:17:09 kwenye nafasi ya "Sync Point", si "Start", kisha Enter.

Reaper: bonyeza Ctrl+J, andika 10:03:17:09, kielekezi kitaenda hapo. Washa sumaku kwa Alt+S na uburute klipu mpaka alama yake ijibane kwenye kielekezi.

Resolve: bila kuchagua klipu yoyote, andika 10031709 na Enter, kielekezi kinaruka. Bandika klipu, mwanzo wake utakaa hapo. Kisha, ikiwa imechaguliwa, andika −11 na Enter ili irudi nyuma fremu 11, kama pigo liko fremu 11 ndani.

Ukipenda kupiga hesabu mwenyewe: pigo likiwa fremu 11 ndani ya klipu, mwanzo wa klipu ni 10:03:17:09 toa fremu 11. Tisa haitoshi, kwa hiyo unakopa sekunde moja, na sekunde moja ni fremu 25: 25 jumlisha 9 toa 11 ni 23. Jibu ni 10:03:16:23. Watu hukopa 60 kwa mazoea ya saa, au 100 kwa mazoea ya shule. Kwenye kazi ya fremu 24 utakopa 24, na jibu lingekuwa 10:03:16:22.

Onyo la nukta: 10:03:17:09 na 10:03:17.09 si kitu kimoja. Ya kwanza ni fremu ya tisa, milisekunde 360 ndani ya sekunde. Ya pili ni sehemu tisa za mia, milisekunde 90. Ukichanganya, umekosea fremu karibu saba.

Pigo la pili liko fremu saba baada ya la kwanza. Kama klipu yako ina mapigo mawili yaliyoachana fremu tisa, usiinyooshe wala kuibana. Ikate iwe klipu mbili, kila moja na alama yake. Na usinakili pigo la kwanza ulitumie tena kama la pili. Masikio hutambua nakala papo hapo.

9. Klipu zilizokuja na taimkodi yake.

Rekoda za filamu huandika WAV ya aina ya BWF, yenye sehemu inayohifadhi idadi ya sampuli tangu usiku wa manane. Klipu iliyoanza 10:00:00:00 kwa 48 kHz inabeba namba 1,728,000,000. Kwa hiyo huna haja ya kukisia: Pro Tools huiweka kwa "Original Time Stamp" ndani ya kisanduku kile kile cha Spot, Reaper ina "Move items to source preferred position" kwenye menyu ya klipu, Resolve hulinganisha video na sauti kwa kuchagua taimkodi.

Mambo mawili huiua faida hii. La kwanza ni kuigeuza faili iwe MP3, au kuipitisha kwenye programu isiyohifadhi sehemu hiyo. La pili ni kwamba saa ya kamera na ya rekoda hazikuwa zimelinganishwa asubuhi. Kwa la pili, tumia klepa: linganisha tukio moja, pata tofauti, kisha uisogeze siku nzima kwa tofauti hiyo. Klepa ya mchana itakuambia kama tofauti ilibaki ile ile.

10. Fikiria umbali wa maikrofoni.

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20. Kwa fremu 25, ni kama mita 13.7 kwa fremu. Maikrofoni ya kamera ikiwa mita 14 kutoka kwa mhusika, sauti yake imechelewa fremu nzima hata kama taimkodi ni kamili. Ukichanganya na maikrofoni ya kifuani, isogeze ile ya mbali fremu moja kuelekea mwanzo wa filamu. Mwinuko wa Nairobi haubadilishi hesabu hii; kinachoibadilisha ni joto la hewa.

11. Funga, hifadhi, toa.

Funga kila klipu uliyomaliza kuikagua. Kabla ya hapo, hakikisha hali ya Shuffle ya Pro Tools, au "Ripple editing" ya Reaper inayowashwa na Alt+P, imezimwa. Hali hizo hufanya klipu zote za nyuma zisogee unapofuta moja ya mbele. Kwa redio ni msaada, kwa filamu ni balaa.

Toa treki zote, maneno, milio na muziki, zikianza taimkodi moja: kabla ya biip ya mbele hadi baada ya ile ya nyuma. Hata kama muziki unaanza dakika ya saba, faili yake ianze na kimya tangu mwanzo. Toa WAV, na jina liseme yote: jina la filamu, aina ya treki, toleo, 48k, 25, taimkodi ya mwanzo.

Ikigoma

Pima kwanza. Andika kosa ni fremu ngapi mwanzoni na ngapi mwishoni. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuonyesha chanzo.

Kosa ni lile lile kutoka mwanzo hadi mwisho: mwanzo wa picha au wa faili haukuwekwa mahali pake. Likiwa ni sekunde kumi kamili, ni ule ukanda wa kuhesabu. Likiwa saa moja nzima, mmoja yuko 00 na mwingine yuko 01; likiwa saa tisa, mmoja yuko 01 na mwingine yuko 10. Likiwa kama milisekunde 44, huenda sauti ilipitia AAC, njia ya kubana sauti: kodeki hiyo mara nyingi huongeza sampuli 2,112 mbele, na si kila programu huziondoa. Rudi kwenye WAV.

Kosa linakua polepole, kama milisekunde 60 kila dakika: 23.976 imekutana na 24, au 29.97 na 30.

Linakua kwa kasi, karibu sekunde 2.4 kila dakika: 24 imechezwa kama 25, au kinyume chake.

Sauti imekuwa nzito, kama mtu mwenye usingizi, na dakika moja imerefuka kwa zaidi ya sekunde tano: faili ya 48 kHz imesomwa kama 44.1. Iingize upya ukiiruhusu programu kuigeuza.

Sekunde 3.6 zimekosekana kila saa, lakini midomo iko sawa kwa sikio: ni namba tu zinazogombana. Mmoja anatumia 29.97 ya dropu, inayoruka namba mbili mwanzoni mwa kila dakika isipokuwa kila ya kumi, na mwingine si ya dropu. Haihusu kazi ya 25 kamwe.

Klipu ndefu ya mahojiano inaanza vizuri na kuishia fremu moja nje baada ya nusu saa: saa ya ndani ya rekoda na ya kamera hazikwenda sawa. Fremu moja kwa nusu saa ni sehemu 22 tu kwa milioni, kwa hiyo vifaa si vibovu. Kata klipu kwenye kimya kati ya maswali na uisukume kila kipande.

Orodha uliyopewa ina namba za mwisho kama :27 au :29: haikuandikwa kwa fremu 25. Usianze kugeuza namba moja moja. Mrudie aliyeiandika aitoe upya. Ukiona orodha nzima haipiti :23, kuna uwezekano mkubwa ni 24.

Kwako iko sawa, kwa mteja imechelewa: muulize anatazama kwa nini. Televisheni nyingi hushika picha kwa muda ili kuisafisha, na spika ya Bluetooth hushika sauti. Mwambie atazame biip kwenye laptopu, kwa hedifoni za waya, kabla hujagusa klipu hata moja.

Mhariri amekata tena baada ya kufunga picha: omba picha mpya na orodha ya mabadiliko. Hifadhi sesheni kwa jina jipya, anza na badiliko la mwisho la filamu, urudi kuelekea mwanzo. Ukianza na la kwanza, kila tofauti utakayosogeza itahamisha taimkodi za mabadiliko yanayofuata, na utalazimika kuhesabu upya kila moja.